Kontakti za Taarifa na Milango ya Amri kwenye Mitambo ya Umeme wa Akiba

Nyuma ya UPS nyingi, karibu na soketi za kutolea umeme, kuna kiunganishi kidogo cha kijani chenye skrubu nne, sita au zaidi. Kwenye inveta za sola, kiunganishi cha namna hiyo huwa na alama NC, C na NO. Kwenye jenereta, skrubu hizo ziko nyuma ya kidhibiti, ndani ya kisanduku. Mara nyingi mtambo hufungwa, ukawashwa na kutumika miaka kadhaa bila mtu kuzigusa. Halafu stima inapotea usiku, jenereta haiwaki, betri ya UPS inaisha kimyakimya, na asubuhi wahudumu wanakuta kila kitu kimezima.

Ukubwa wa taasisi si kinga. Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, sehemu ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilikaa gizani kwa sababu jenereta iliyotakiwa kuwaka haikuwaka. Huko Mwala, katika kaunti ya Machakos, kituo cha afya upande wa Masii au Wamunyu, shule ya bweni huko Mbiuni, ofisi ya chama cha akiba na mikopo Mwala mjini, zote hutegemea laini ndefu ya Kenya Power, na fundi wa jenereta pengine anatoka Machakos au Nairobi. Usiku aliyepo ni mlinzi. Mahali kama hapo, mtambo wa wastani unaojua kutoa taarifa na kupokea amri una faida kuliko mtambo mkubwa usiosema na mtu.

Kontakti ya taarifa ni swichi tu, kama ile ya kengele ya mlangoni, isipokuwa kidole kinachoibonyeza ni cha mtambo wenyewe, yaani rilei iliyo ndani yake. Haitoi umeme wowote, na ndiyo maana mafundi huiita kontakti kavu. Umeme wa kuendesha taa, king'ora au rilei nyingine hutoka kwingine. Kontakti huuruhusu kupita au huukata. Ina skrubu tatu. COM, au C, ni ya katikati. Rilei ikiwa imelala, yaani koili yake haina umeme, COM na NC huwa zimegusana huku COM na NO zimeachana. Koili ikipata umeme, hali hugeuka.

Tatizo ni kwamba alama hizo zinaeleza rilei iliyolala, si mtambo ulio salama, na hayo ni mambo mawili. Watengenezaji wengi huiweka rilei ya hitilafu na umeme muda wote mtambo ukiwa mzima, ili UPS ikifa kabisa rilei iachie na kengele ilie. Kwa UPS ya aina hiyo, COM na NC zimeachana wakati kila kitu kiko sawa, kinyume cha matarajio ya fundi anayesoma alama peke yake. Kijitabu cha mtambo kwa kawaida huwa na jedwali la hali hizo, lakini vijitabu hupotea, na vingine vimetafsiriwa vibaya hata havisomeki. Mita haidanganyi. Kwanza hupimwa kama waya za nje zina volti, kwa maana hata UPS ikiwa imezimwa, skrubu zake zinaweza kubeba volti 12 au 24 kutoka betri ya jenereta, au 240 ikiwa fundi aliyetangulia alipitisha taa ya ukutani humo. Waya zikishatolewa, kiunganishi hubaki mahali pake na mita huwekwa kwenye mlio. Ncha moja hugusa COM, nyingine NO, kisha NC, UPS ikiwa kwenye stima. Swichi ya ukutani huzimwa ili UPS ihamie kwenye betri, na vipimo hurudiwa. Mwisho UPS huzimwa kabisa na kupimwa tena. Kipimo hiki cha tatu ndicho hurukwa zaidi, nacho ndicho kinachoonyesha mtambo utasema nini siku utakapokufa.

Baada ya hapo, kila muunganisho huamuliwa kwa swali moja: waya huu ukikatika, nini kifanyike? Waya wa mita 40 kutoka chumba cha jenereta hadi ofisi hautadumu milele. Mchwa hula ganda lake, panya huutafuna darini, jembe huukata, na skrubu iliyokazwa nusu hulegea kwa mtetemo wa dizeli.

Kwa waya wa kengele, jibu ni kwamba ukikatika kengele ilie. Kwa hiyo mzunguko wa kengele hujengwa ukiwa umegusana wakati wa usalama na kuachana wakati wa hitilafu. Kengele iliyojengwa kinyume chake hunyamaza siku waya unapokatika, na ukimya wake hufanana na ukimya wa usalama. Kwa waya wa kuzima UPS kutoka mbali, jibu hugeuka. Ikiwa UPS hiyo inalisha mashine ya oksijeni wodini, haifai panya mmoja awe na uwezo wa kuizima. Mzunguko hujengwa ukiwa umeachana, na amri ya kuzima hutolewa kwa kuugusanisha. Kwa kitufe cha dharura cha jenereta, jibu hugeuka tena. Hapo kuna mkanda na feni vinavyozunguka, na mkono wa mtu uko karibu, kwa hiyo waya ukikatika injini lazima isimame. Vidhibiti vingi vya jenereta, vikiwemo vya Deep Sea vinavyoonekana sana Kenya, vimelitambua hilo: laini ya kitufe cha dharura hubeba chanya ya betri, na chanya hiyo ikikosekana injini husimama. Fundi anayeunganisha kipande cha waya ili kuruka kitufe hicho kwa sababu kinasumbua ameondoa breki ya mwisho ya mtambo.

Uwezo wa kontakti ni jambo linalopuuzwa kwa sababu rilei ndogo huonekana kufanya kazi vizuri mwanzoni. Inveta za aina ya Axpert huandikwa 3 A kwa 250 V AC. Rilei ya MultiPlus-II ya Victron hubeba 4 A kwa 230 V AC, lakini kwa DC hubeba 4 A hadi volti 35 tu, na kufikia volti 60 uwezo hushuka hadi 1 A. Tofauti hiyo ina sababu. Mkondo wa AC wa 50 Hz hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche inayozuka kontakti zinapoachana hufa yenyewe. Mkondo wa DC hauna sifuri ya kupumzikia. Cheche huendelea, huyeyusha uso wa kontakti, na siku moja kontakti hugandana zisiachane tena. Solenoidi ya stata ya dizeli hunyonya makumi ya ampea, kwa hiyo haiunganishwi kamwe moja kwa moja na kontakti ya UPS au inveta. Katikati huwekwa rilei ya gari ya volti 12, ambayo koili yake huhitaji sehemu ndogo tu ya ampea moja, na sambamba na koili huwekwa dayodi, 1N4007 inatosha, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Dayodi hiyo ya shilingi chache humeza volti zinazorudi nyuma koili inapokatiwa umeme. Ikiwekwa kinyume huwa njia fupi ya betri, na kontakti huungua mara ya kwanza tu.

Upande wa pili wa jambo hili ni mkondo mdogo mno. Kontakti za fedha zilizotengenezwa kubeba ampea huota utando, na ishara ya milliampea moja inaweza kushindwa kuupenya. Ndiyo maana kadi za taarifa za UPS kubwa hutumia rilei za ishara zenye kontakti za dhahabu. Nyingi kati ya kadi hizo bado huitwa AS400, jina lililobaki kutoka kompyuta za IBM za mwaka 1988 zilizopokea taarifa za UPS kwa kontakti. Kadi ya namna hiyo haifai kuendesha king'ora. Inafaa kuendesha rilei inayoendesha king'ora.

Kwenye menyu, kontakti moja inaweza kupewa tukio lolote kati ya mengi: UPS iko kwenye betri, betri iko chini, kuna hitilafu, mzigo umehamia njia ya pembeni bila ulinzi, pato limezimwa. Mtambo wenye kontakti moja tu upewe hitilafu ya jumla, mradi hitilafu hiyo ihesabu na betri iliyokufa. Penye mbili, ya pili iwe betri iko chini. Taarifa ya kuwa kwenye betri huvutia kuiweka kwanza, lakini ndiyo inayochosha watu haraka: mahali ambapo stima huchezacheza jioni nzima, king'ora kinacholia kwa kila katizo la sekunde mbili huzimwa na mlinzi ndani ya wiki ya kwanza, na hakiwashwi tena. Ikitumika, icheleweshwe dakika moja au mbili.

Wengi hujaribiwa kuitumia taarifa hiyohiyo kuwasha jenereta. Kwa sehemu nyingi za Mwala hilo ni kosa. UPS huhamia kwenye betri inapojipima yenyewe, volti zinapoyumba, hata fyuzi yake yenyewe inaporuka, na katika hali zote hizo jenereta ingewaka bure. Kibaya zaidi ni kinyume chake. Laini ya fezi tatu hupoteza fezi moja mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na UPS ya fezi moja iliyo kwenye fezi nzima haioni chochote huku pampu ya kisima ikinguruma hadi koili zake kuungua. Amri ya kuwasha jenereta itoke kwenye rilei ya kuangalia fezi iliyofungwa kwenye bodi kuu, kabla ya chenjiova, yaani swichi inayohamisha mzigo kati ya stima na jenereta, ikitazama fezi zote tatu, volti na mpangilio wake. Kontakti ya betri iko chini inaweza kuongezwa sambamba kama sababu ya pili, kwa ajili ya siku ambayo rilei ya fezi imekosea.

Penye sola, inveta yenyewe huwasha jenereta kulingana na hali ya betri. Betri za asidi hutoa dalili nzuri kwa volti, ilimradi kipimo kicheleweshwe: pampu inapoanza, volti za betri ya 48 V hushuka kwa sekunde chache na kurudi, na bila kuchelewesha dakika moja hivi jenereta itawaka kila tangi linapojazwa. Betri za lithiamu za fosfeti ya chuma hazina dalili hiyo. Volti zake hukaa karibu palepale kutoka asilimia 80 hadi 20, kisha huporomoka ghafla. Kwa hizo amri ifuate asilimia inayohesabiwa na betri yenyewe kupitia waya wa mawasiliano, na volti zibaki kama ulinzi wa mwisho.

Muda ndio unaounganisha mitambo hii yote, na huhesabiwa kwa karatasi kabla ya kuingizwa kwenye menyu. Jenereta ikipangiwa kusubiri sekunde 10 baada ya stima kupotea, kisha kujaribu kuwaka mara tatu kwa sekunde 10 kila mara na kupumzika sekunde 10 katikati, jaribio la tatu huisha sekunde ya 60. Sekunde 10 za kupasha injini na muda wa chenjiova kugeuka hufanya dakika moja na robo. UPS lazima ivumilie muda huo hata betri zake zikiwa zimezeeka, na ibaki na akiba ya kutosha iwapo injini haikuwaka kabisa: seva inayohitaji dakika 4 kufunga mafaili yake ipewe onyo la betri angalau dakika 8 kabla. Stima ikirudi, chenjiova isirudi mara moja. Dakika tano za kusubiri huhakikisha kwamba laini imetulia, na dakika tatu za injini kuzunguka bila mzigo huipoza. Friji ya chanjo, ambayo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, haihitaji UPS kwa pengo la dakika moja. Huhesabu saa, si sekunde. Kuifunga kwenye UPS ni kumaliza betri ambazo maabara ingezitumia.

Milango ya amri huenda upande mwingine: hapo mtambo husikiliza. Kwa kawaida mtambo wenyewe hutoa volti chache kwenye skrubu hizo, na kazi ya swichi ya nje ni kuzigusanisha au kuziachanisha. Kuipelekea milango hiyo 240 V ni kuchoma bodi kuu, na dhamana huondoka na moshi. Kabla ya kuunganisha, mambo mawili hutafutwa kwenye kijitabu: mlango unasubiri kugusana au kuachana, na unataka pigo fupi au ishara ya kudumu. Kuwasha jenereta kwa waya mbili huhitaji ishara ya kudumu. Kontakti zikiachana, injini hupozwa na kusimama. UPS nyingi zina milango miwili inayofanana kwa sura. Mlango wa kuzima kwa dharura, wenye alama RPO au EPO, hukata umeme wote na kuuacha umekatwa hadi mtu afike, aondoe amri na kuwasha kwa mkono. Mlango wa kuwasha na kuzima, wenye alama ROO, hufuata swichi kwa utii. Kitufe chekundu cha ukutani hufungwa kwenye wa kwanza. Swichi ya msimamizi anayetaka kuzima ofisi jioni hufungwa kwenye wa pili. Vikibadilishana, siku ya kwanza ya moto UPS inaweza kurudi na umeme wakati watu wanamwagia maji.

Kwenye baadhi ya UPS, mlango wa dharura hutoka kiwandani ukiwa na kipande kifupi cha waya kinachogusanisha skrubu mbili. Kipande hicho si takataka. Kiunganishi kikichomolewa wakati wa kufuta vumbi, mtambo huchukulia kwamba kitufe kimebonyezwa na huzima kila kitu papo hapo. Menyu ikiruhusu, hali hugeuzwa ili mlango usubiri kugusana, na waya huo ndipo unapotolewa. Geuzo hufanyika kabla ya kutoa waya, si baadaye.

Mlango mmoja hausahauliki bila hasara, ule wa kuiambia UPS kwamba sasa inalishwa na jenereta. Kontakti ya ziada ya kontakta ya jenereta huunganishwa hapo. UPS ikipata habari hiyo, hupunguza mkondo wa kuchaji na, ikiwa imepangwa hivyo, huacha kudai umeme ufuate 50 Hz kwa ukali. Jenereta ndogo iliyopokea mzigo ghafla hushuka na kupanda, UPS kali huukataa umeme huo na kurudi kwenye betri, mzigo huondoka kwenye jenereta, injini hutulia, UPS hurudi, na mchezo huanza upya hadi betri ziishe huku jenereta ikinguruma nje. Wengi hulaumu jenereta.

Kuhusu waya, urefu wenyewe hauna tatizo kubwa. Waya wa shaba wa 0.5 mm² kwenda na kurudi mita 60 una ukinzani wa takriban ohmu 4, na koili ya 24 V inayovuta milliampea 40 hupoteza chini ya volti 0.2. Adui ni radi na ujirani. Mvua za vuli zikifungua Oktoba na Novemba, na za masika zikianza Machi, radi inayopiga mbali huamsha volti kubwa kwenye waya mrefu, na volti hizo huishia kwenye kadi. Waya wa ishara upitishwe ndani ya bomba lake, mbali na kebo ya nguvu. Uwe wa jozi iliyosokotwa yenye ganda la chuma, ganda hilo likifungwa ardhini upande mmoja tu. Na penye majengo mawili, kuwe na kizuia radi au rilei ya kati kila mwisho, maana rilei ya shilingi mia chache ikiungua badala ya kadi ya maelfu, kazi imefanyika vizuri. Kazi yoyote inayogusa bodi kuu au chenjiova ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Taarifa lazima imfikie mtu. Minara ya simu imetegemea kontakti hizi kwa miaka mingi: stima imepotea, jenereta inazunguka, dizeli iko chini, mlango umefunguliwa, kila moja ni jozi ya waya inayoingia kwenye mtambo wa mnara na kutokea kwenye skrini Nairobi. Kituo kidogo kinaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kisanduku cha GSM chenye milango minne ya kontakti, kinachotuma ujumbe mfupi. Kisanduku kilishwe na UPS au kiwe na betri yake, laini yake iwe na salio lisiloisha bila mtu kujua, na nambari ziwe angalau mbili. Stima ikipotea muda mrefu, hata mnara huishiwa betri, kwa hiyo taa nyekundu na king'ora kwa mlinzi havifai kuondolewa.

Majaribio hufanywa kwa kukata umeme kweli kwenye swichi kuu, mchana, wahudumu wakijua. Kila waya wa kengele hutolewa kwenye skrubu mmoja mmoja na king'ora husikilizwa. Kila waya wa kuzima hutolewa vilevile na mzigo hutazamwa kama umebaki. Muda wa jenereta kuwaka huandikwa. Mchoro wenye nambari za waya, rangi zake na hali zilizopimwa hubandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, kwa kuwa fundi wa kesho huenda asiwe wa leo. Jaribio hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kila betri, kadi au kidhibiti kinapobadilishwa, au programu ya mtambo inaposasishwa. Kazi hizo huweza kurudisha mipangilio ya kiwandani, na mlango wa dharura uliogeuzwa ni mmoja wa mipangilio hiyo: ukirudi kusubiri kuachana huku kipande chake cha waya kikiwa kimekwisha kutolewa, UPS haitatoa umeme hadi mtu aurekebishe.